Wifi Yangu, Mwoga wa Udongo

Siku kaka yangu alipomleta mkewe nyumbani, bibi harusi aligoma kukaa. Tulikuwa tumempangia kiti kizuri, tena chenye mto, yeye akapita pembeni yake na kwenda kusimama kwenye kona ya sebule, akautazama ufa uliokuwa juu ya dirisha. Ufa wenyewe ulikuwa rika langu, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kuusemesha. Akaupapasa kwa kidole. Kisha akamwuliza mama, kwa adabu zote, kama mlango wa chumba cha nyuma huwa unakwama mvua zikinyesha. Mama akasema ndiyo, unakwama. Wageni walipoondoka, mama akamvuta kaka jikoni akamwuliza: "Mwanangu, umetuletea mke au mkaguzi?"

Tukampachika jina la Bi Nyufa, na mwenyewe alicheka aliposikia, ila hakuacha tabia zake. Hakulala chumba walichopewa mpaka kabati lilipohamishwa kutoka ukuta wa kichwani. Tukienda harusini, yeye hutafuta kiti kilicho karibu na mlango. Mimi ni mtu wa sauti kubwa na subira ndogo, na mtu mwoga hunichosha, kwa hiyo miaka ya mwanzo mimi na wifi yangu tulikuwa hatupikiki chungu kimoja. Mama alikuwa akinikanya. "Mwache," alikuwa akisema. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Nami nilikuwa nikimjibu kwamba huyu wa kwetu ana woga wa kugawia mtaa mzima na bado ukabaki.

Kazi yake ni mhandisi wa misingi. Watu wakisikia mhandisi huwaza maghorofa na vioo, lakini yeye kazi yake huishia pale ambapo jengo linaanza kuonekana. Akimaliza, hufukiwa. Hakuna anayepita njiani akasema angalia msingi ule ulivyopendeza. Nadhani kaka yangu, ambaye ni kinyozi na kazi yake yote iko kichwani mwa watu, peupe, alimpenda kwa sababu hiyo.

Basi ikatokea kampuni moja inataka kujenga vihenge vya nafaka ng'ambo ya mto. Si vihenge vya fito na udongo. Nasema ile minara ya zege ambayo ukiinua kichwa kuitazama kilemba kinaanguka. Vihenge sita, safu mbili za vitatu vitatu, vyote juu ya msingi mmoja. Wifi yangu ndiye aliyepewa kazi ya kuusanifu msingi huo. Na mimi, kwa kuwa riziki haina adabu, nikapata kazi palepale, ya kupima malori yanayoingia na nafaka. Chumba cha mizani kilijengwa chini kabisa, ubavuni mwa safu ya mbele. Nikikaa kwenye kiti changu, ukuta wa kihenge uko nyuma ya mgongo wangu.

Nilifurahi sana kuipata kazi ile, mpaka mchana mmoja mezani, nilipomwuliza wifi yangu nguzo zake zimesimama juu ya mwamba wa namna gani.

"Hazijafika kwenye mwamba," akasema.

Nikadhani anatania. "Zimefika wapi?"

"Hazijafika popote, wifi. Pale mwamba uko mbali mno, hakuna mashine ya kuufikia. Chini ni udongo wa mfinyanzi mtupu. Nguzo zinashikwa na udongo ubavuni, kama msumari kwenye ubao. Msumari hausimami juu ya kitu, sivyo? Unashikwa kandokando. Halafu juu ya nguzo kuna jamvi la zege, pana, nene, nalo linalalia udongo. Mzigo wanagawana, jamvi na nguzo. Hakuna anayebeba peke yake."

"Na udongo ukikataa?"

"Utabonyea kidogo. Hilo mimi nimelihesabu. Vihenge vyote vitatitia, lakini vititie pamoja, polepole. Kutitia si ugonjwa. Ugonjwa ni upande mmoja kutitia na mwingine kubaki."

Nilikuwa nimemcheka mwanamke huyu miaka yote kwa kuogopa kabati, na leo ananiambia kwamba minara sita inaelea kwenye matope na mgongo wangu uko chini yake. Nikamwambia, na sikumficha hasira yangu: "Niambie basi kwamba haitaanguka. Neno moja tu. Niambie, nile."

Kaka akamtazama. Mtu yeyote mwenye huruma angesema haitaanguka, hata kama ni kwa kunituliza, maana maneno hayauzwi. Yeye akasema: "Naweza kukuambia nimefanya nini. Udongo utafanya nini, siwezi kukuahidi."

Kaka akasukuma sahani yake. "Huyu ni dada yangu," akamwambia. "Ndiye atakayekaa pale."

"Najua atakaa pale," wifi akasema. "Ndiyo maana simdanganyi."

Siku kadhaa hatukusemeshana. Kazi sikuiacha, nani aache kazi kwa sababu ya ugomvi wa mezani? Lakini tangu siku ile nikawa sikai vizuri. Lori zito likipita, nasikiliza. Upepo ukigonga bati, nasikiliza. Nikajikuta napita kandokando ya ukuta nikiutazama kuanzia chini hadi juu, nikausimanga moyo wangu: haya, Bi Nyufa wa pili.

Na yeye kumbe ndiyo kwanza hofu yake inaanza. Mimi nilidhani jengo likisimama mjenzi anapumua. Kumbe nyumba ya kuhifadhia vitu ni kinyume na nyumba nyingine. Ikiwa tupu si kitu. Uzito wenyewe huletwa na malori, baadaye, watu wameshapiga makofi na kwenda zao. Siku ya ufunguzi, wakubwa walipokuwa wakipigwa picha, wifi yangu alisimama pembeni uso umemshuka kama aliyefiwa. Wiki iliyofuata tukaanza kujaza. Agizo lake lilikuwa moja: vihenge vyote sita vijazwe pamoja, kidogo kidogo, kama mtu anavyomimina uji kwenye vikombe vya watoto wanaogombana. Kila asubuhi alikuja na darubini yake ya miguu mitatu, akaisimamisha mbali, kwenye ardhi ngumu karibu na lango, akapima alama alizozichora kwenye kuta. Akitikisa kichwa kwa kuridhika, tunamimina tena.

Meneja hakuupenda utaratibu huo hata chembe. Mimi na madereva tulikuwa tumembatiza jina la Tusonge, kwa sababu ndilo neno lililokuwa mdomoni mwake tangu asubuhi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na foleni ya malori hadi barabara kuu, mawingu yanakusanyika, na nafaka ikilowa haifai tena. Wifi akimwambia subiri, anaona kama anaambiwa kwa kukomolewa.

Ikafika siku mkanda wa kupandishia nafaka kwenye safu ya nyuma ukakatika. Fundi akasema kipuri kitachelewa. Wifi akaagiza kazi isimame mpaka mkanda utengenezwe, na Tusonge akakubali mbele yangu. Ndipo wifi, kwa mara ya kwanza tangu tuanze, akabaki nyumbani. Alilala mchana, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Siku ya pili ilikuwa ya mapumziko, lakini niliitwa zamu. Nikakuta malori yanaingia. Tusonge ananiambia tusonge, ruhusa ipo, uzito wote haujafika hata nusu ya ule alioruhusu mhandisi. Na kweli haukuwa umefika nusu. Nilipima malori mpaka mchana, nikarudi nyumbani kula.

Mezani nikajaribu kumchangamsha wifi, maana ule mnuno tulikuwa tumeuchoka sote. Nikamwambia: "Nitafutie seremala aje anirekebishie mlango wa chumba cha mizani. Jana ulikuwa unatulia ukiuacha. Leo ukiurudishia unafunguka wenyewe, kama nyumba yenye shetani."

Akaacha kutafuna. "Unafungukia upande gani?"

"Nyuma. Ukutani."

"Malori yalikuja leo?"

"Si Tusonge amesema ruhusa ipo? Wanajaza safu ya mbele tu, kwa vile ya nyuma..."

Hakungoja nimalize. Alinawa mikono haraka, akatoka. Nikamfuata bila kuambiwa. Kaka akabaki anauliza kuna nini, kuna nini, mpaka tukatoka nje ya lango.

Tulipofika alisimamisha darubini palepale pa siku zote, na kwa kuwa msaidizi wake hakuwepo, akanipa mimi ile fimbo ndefu yenye namba niishike kwenye kila pembe ya msingi. Alisoma, akasoma tena. Sikuhitaji kuambiwa, uso wake ulikuwa umepauka. Safu ya mbele ilikuwa imetitia, ya nyuma imebaki. Jengo zima lilikuwa linalala, kidogo sana, jicho la kawaida lisingeona, lakini lilikuwa linalala upande wa chumba changu, na mbele ya chumba changu kuna ukuta wa uzio, na nyuma ya uzio kuna vyumba vya vibarua, nguo zimeanikwa.

Tusonge akaja akijitetea. "Tani zenyewe hazijafika nusu. Wewe mwenyewe uliandika kiwango."

"Nusu iliyokaa upande mmoja si nusu," wifi akamjibu, kwa sauti ndogo. "Ukibeba ndoo moja mkono mmoja utatembeaje?"

"Basi tusiguse. Tuliache litulie."

"Halitatulia. Udongo ule ukishaanza kubonyea, unaendelea kubonyea. Toeni watu kwenye vyumba vile, sasa hivi. Na nafaka ishuke."

Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Mkanda wa kutolea nafaka ulikuwa ukitegemea mtambo uleule uliokatika mkanda. Kushusha kulibaki kwa njia moja: lori liingie chini ya kihenge, mlango wa chini ufunguliwe, na watu wenye makoleo wasimame pale kuisukuma nafaka inapoziba. Chini ya kihenge. Kihenge kinacholala.

Mnyapara wa vibarua, mtu mzima mwenye mabega kama mlango, aliusikiliza mpango wote. Kisha akasema: "Mhandisi, watu wangu wana watoto. Wewe unasema jengo linaanguka, halafu unataka waingie chini yake?"

"Sijasema linaanguka."

"Utasema halianguki leo?"

Nilimtazama wifi yangu. Nilimwomba kimoyomoyo aseme uwongo. Sema tu, wifi, sema halianguki, watu waingie, nafaka ishuke, twende nyumbani. Yeye akavua viatu vyake vya visigino vya kutokea nyumbani, akavaa mabuti ya mtu mwingine yaliyokuwa yamelala pale.

"Nitakaa chini pamoja nanyi," akasema. "Kuanzia lori la kwanza mpaka la mwisho."

Mnyapara alimtazama. Halafu akaokota koleo lake.

Kabla hajaingia, wifi alinileta kwenye darubini. Alikuwa amechora mstari mwekundu kwenye ukuta wa kihenge cha kati cha safu ya mbele. Ndani ya darubini kuna uzi mwembamba mweusi, haujongei. Ukuta ndio unaojongea. Akaniambia: "Sasa hivi uzi umelala palepale kwenye mstari. Jengo likizidi kushuka, mstari utakimbia chini, uachane na uzi. Hii hapa ni alama ya pili, ya bluu, juu yake. Uzi ukiigusa alama ya bluu, nyamaza. Ukiipita, piga ukelele. Usifikiri, usiniite kwa adabu. Piga ukelele tutoke."

"Mpe mtu mwingine," nikasema. "Mimi siwezi."

"Una sauti kubwa kuliko wote hapa," akasema, akaenda.

Sijawahi kuogopa namna ile, na siombi kurudia. Nilibandika jicho na kulikataza kupepesa. Machozi yakaja, si ya kulia, ni ya jicho kuchoka, na kila yakija ukuta wote unaogelea na siujui mstari uko wapi. Nayapangusa, nabandika tena. Nasikia lori linarudi nyuma, nasikia mlango wa chuma unagongwa kwa nyundo, kisha nafaka ikaanza kumwagika. Ule mlio mpaka leo siupendi. Niliwaza kaka atakuja kuniuliza ulikuwa wapi, na mimi nitasema nilikuwa naangalia.

Wakawa wanatoa kihenge hiki kidogo, kile kidogo, kile kidogo, wasije wakaharibu mizani upya. Malori matatu yakatoka. Mimi nikitarajia jengo linashukuru, linapanda. Nikadhani alama ya bluu inapanda. Hapana. Nikapangusa jicho. Ilikuwa inashuka. Ukuta bado ulikuwa unashuka. Mzigo unapungua na ukuta unashuka. Nafasi kati ya uzi na bluu ikawa kama unene wa ukucha, kisha ikawa kama karatasi, kisha haikuwepo. Uzi ulikuwa juu ya bluu.

Ukigusa, nyamaza. Ukipita, piga ukelele. Nilifungua mdomo. Kifua changu kilikuwa kimejaa pumzi, na ukelele ulikuwa tayari, umekaa ulimini. Nikaukodolea macho uzi ule, nikauambia usinifanyie hivi, nina wifi mmoja tu. Na chini kule namsikia yeye anamwambia mnyapara, kwa sauti ya kawaida kabisa, sukuma kushoto kwako, kushoto. Uzi ukakaa. Lori likatoka, jingine likaingia. Ukakaa. Sijui ni muda gani, miguu ilikuwa imekufa ganzi. Ndipo juu ya uzi ikatokea bluu nyembamba, halafu bluu yenyewe, nene, na kati yake na uzi ukuta mweupe kidogo. Kihenge kilikuwa kinainuka.

Sikupiga kelele. Nilikaa chini kwenye kokoto, Tusonge mwenyewe akaniletea maji.

Mkanda ulipopona wakajaza upya, safari hii kwa agizo lake neno kwa neno, na Tusonge akawa ndiye anayewagombeza madereva wasubiri. Jengo halikurudi wima kabisa. Wifi anasema limebaki limeinama chini ya unene wa kidole, na kwamba anaweza kuishi na kidole. Vihenge vimejaa sasa. Vibarua walirudi kwenye vyumba vyao. Nami nikarudi kwenye kiti changu, ukuta nyuma ya mgongo, na ajabu ni kwamba hofu ilikuwa imeniisha. Imekwisha kabisa. Nilikuwa nakula pale, nasinzia pale. Madereva wapya wakiuliza kama ni kweli jengo hili liliinama, nawajibu kwa majivuno kwamba aliyelisanifu alisimama chini yake saa nzima, na mtu mwenye akili timamu hasimami chini ya kitu asichokijua.

Nikamwambia na yeye hivyo. Tulikuwa uani tunaanua nguo, mama yuko ndani, kaka hajarudi. Nikamwambia: "Wifi, nakusamehe ile siku ya mezani. Mdomoni ulikataa, lakini kwa kitendo uliniambia. Uliposimama kule chini nikajua unajua halitaanguka."

Akaikunja shuka upande wake, akanijia na pembe zake mkononi, kama tunavyofanya siku zote. Hakucheka.

"Ningejua, wifi," akasema, "ningewaambia kwa mdomo."

Nilishika pembe zangu za shuka na sikuweza kuzikunja. Asubuhi yake nilikwenda kazini, nikafungua mlango, nikakaa kwenye kiti. Nikahisi ukuta mgongoni.